Nyonga ya Mjomba

Nyumbani, 4 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii imekukuta mzima, na imekukuta umevaa viatu. Dereva wa boza la mafuta anayetubebea barua aliniambia amekuona unakanyaga lami ya moto na kandambili. Sisi tunaendelea. Mama anakusalimu. Magoti yanamsumbua lakini mdomo hauna tatizo lolote. Shemeji yako anashona sare za shule, kwa hiyo tunakula vipande vya kitambaa cha bluu pamoja na wali. Wifi yangu alikuja kututembelea kwa wiki mbili. Alikuja kabla ya mwaka mpya.

Sasa lililonifanya nikae chini niandike. Ile malaria ya mwanangu Hakimu niliyokuambia si malaria. Daktari anasema ndani ya mifupa ya kila mtu kuna uloto, ule ute laini unaotengeneza damu. Wa mtoto umegoma. Hautengenezi damu ya kutosha. Ndiyo maana amepauka, anatokwa damu puani, na ukimshika mkono kidogo tu anabaki na alama. Anaishi kwa damu ya kutundikiwa. Dawa walizojaribu hazikusaidia. Iliyobaki ni kumpandikizia uloto wa mtu mwingine anayefanana naye.

Tumepimwa wote. Mimi nimefanana naye nusu, na baba yake nusu. Daktari anasema wazazi huwa hivyo, mtoto huchukua nusu huku na nusu kule. Mtoto hana ndugu wa tumbo moja, nawe unajua. Wifi alikuwa na hakika kwamba ni yeye, kwa sababu ya pua. Alimwambia daktari, "Tazama hii, halafu tazama ya mtoto." Daktari akatazama zote mbili kwa heshima, akasema mashine haipimi pua. Majibu yakatoka hafanani kabisa. Sasa anataka daktari mwingine.

Mama ameambiwa umri umepita. Umebaki wewe. Wajomba ni nadra kufanana, lakini daktari anasema tujaribu. Barua yake nimeikunja humu ndani, uende nayo hospitali ya huo mji ulio jirani na kambi yenu.

Sikulazimishi. Nakuarifu tu.

Dada yako


Kambini, 2 Machi

Dada mpendwa,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa habari zenyewe hazikuwa za kufurahia. Mimi ni mzima kadiri anavyoweza kuwa mzima mtu anayelala ndani ya kontena la bati na wanaume saba, mmoja wao akiwa Dobi. Dobi ni yule aliyekuwa akifua nguo hotelini. Siku hizi anasukuma toroli kama mimi, lakini bado anakunja shati la kila mtu, hata ukiwa umelivaa. Barabara inakwenda polepole. Tunamwaga lami, jua linatumwaga sisi.

Barua yako ilichelewa sana. Boza liliharibika njiani.

Habari ya Hakimu imeniuma. Mwambie mjomba anamkumbuka. Mwambie bado sijasahau hukumu yake ya mwaka juzi, aliponinyima keki kwa kosa la kuja bila kunawa miguu.

Kuhusu kile kipimo, ningekwenda mara moja, ila Nyapara wetu hatoi ruhusa kipindi hiki. Ni mtu mgumu sana. Halafu kuna swali dogo nilitaka kuuliza, la kutaka kujua tu. Ni mfupa gani? Mpishi wa hapa alifanya kazi machinjioni, naye anasema hajawahi kuona uloto ukitoka bila shoka. Kama ni wa mguu, naomba uwe wa kushoto. Wa kulia ndio ninaoutegemea kwenye toroli.

Nisalimie wote. Wifi yako mwambie pua yake ni nzuri hata hivyo.

Mdogo wako


Nyumbani, 15 Machi

Mdogo wangu,

Pokea salamu za Mama, za shemeji yako, na za dereva wa boza. Huyu wa mwisho ameapa kwamba boza lake halijaharibika tangu alinunue, na kwamba barua alikutia mkononi mwenyewe, ukaitia mfukoni, ukavuka ng'ambo ya pili ya barabara kama mtu anayedaiwa. Nilimwomba amuulize Nyapara wako kuhusu ruhusa. Nyapara amesema, "Ruhusa gani?"

Nakujua. Tumetoka tumbo moja. Siku ya chanjo shuleni uliruka dirishani ukamwangukia mwalimu mkuu, na akachanjwa yeye ili foleni isiharibike. Basi nisikilize. Kipimo hiki hakina sindano. Ni kijiti chenye pamba, wanakisugua ndani ya shavu. Ukiweza kupiga mswaki, unaweza kupimwa.

Na hakuna shoka. Anayetoa uloto analazwa kwa nusukaputi, hasikii chochote. Wanauvuta kwa nyuma, kwenye mfupa wa nyonga. Ukiamka utaumwa mgongo kama mtu aliyebeba saruji, na hilo si geni kwako. Mwili wenyewe unajaza tena kile kilichochukuliwa.

Hapa kwetu kulitokea fedheha. Wifi aliwakusanya ndugu, wakapanga foleni hospitali wakiwa wamekunja mikono ya mashati, wampe mtoto damu. Daktari akawashukuru, akakataa. Alieleza kwamba mtoto akitundikiwa damu ya ndugu sasa, mwili wake unaweza kuja kuukataa uloto wa ndugu baadaye. Anataka damu ya watu baki. Wifi akasimama mlangoni akasema, "Leo ndiyo nimejua hospitali hii haitaki ukoo wetu." Walirudi nyumbani mikono ikiwa imekunjwa vilevile, wakala chakula cha siku mbili.

Hakimu anakuletea ujumbe, naandika kama alivyosema: "Mwambie mjomba akiona sindano aitazame sindano yenyewe, asimtazame nesi. Nesi ndiye anayetisha."

Ana miaka minane. Nenda.

Dada yako


Kambini, 9 Aprili

Dada,

Salamu nyingi kutoka kwa sisi tuliosalimika. Nimekwenda.

Nyapara alinipa ruhusa hata kabla sijamaliza kuomba. Alisema amechoka kuulizwa na dereva wa boza. Dobi akaja kunisindikiza, maana alisema sifai kuachwa peke yangu. Kijiti kilikuwa kama ulivyosema. Nikakaa vizuri, nikasuguliwa shavu, nikaanza kujisifu. Hapo nesi akasema barua ya daktari inataka na damu kidogo, kijichupa kimoja tu.

Sasa, ndani ya chumba kile kulikuwa na joto. Joto la hospitali si kama la barabarani, linakushika ghafla. Nikasikia vizuri tu, nikamtazama nesi, halafu nikajikuta nimelala juu ya Dobi, na Dobi amelala juu ya kona ya benchi. Dobi ameshonwa nyuzi mbili kwenye paji la uso. Mimi sikushonwa popote. Damu walichukua nikiwa pale pale chini, wakasema ndiyo njia rahisi.

Anza wewe kuwaambia wengine kwamba ni joto, kabla Dobi hajapata mtu wa kumwandikia barua.

Haya, nimefanya. Wajomba ni nadra, ulisema mwenyewe.

Mdogo wako


Nyumbani, 6 Mei

Mdogo wangu,

Amani iwe kwenye kontena lenu. Mpe Dobi pole, shemeji yako amemshonea kofia ya kuficha nyuzi, ipo kwenye kifurushi.

Ni wewe.

Daktari alirudia kupima kwa sababu hakuamini. Kila walichotazama, mtoto anacho na wewe unacho. Alisema katika kazi yake hajawahi kuona mjomba wa namna hii. Mama akajibu kwamba hata yeye hajawahi.

Wifi alinyamaza mpaka chakula cha jioni, jambo ambalo lilitutia hofu. Halafu akaweka kijiko chini. "Kwa hiyo mtoto atakuwa na damu ya upande wenu." Nikamwambia ndiyo, daktari amesema hata kundi la damu litabadilika, liwe lako. Akasema, "Basi na ada ya shule walipe upande wenu." Shemeji yako akacheka peke yake kama mwehu, na mimi nikacheka, halafu tukashindwa kunyamaza, mpaka Hakimu akatoka chumbani akatuamuru.

Nesi alikuja kukagua nyumba. Mtoto akishapandikizwa atakuwa hana kinga, chafya ya mtu inaweza kumlaza. Kwa hiyo maua ya vyungu yametoka, kwa sababu ya udongo. Paka wa Mama amehamishiwa kwa jirani, na Mama anakwenda kumtembelea akiwa amevaa nguo za kutokea. Shemeji yako aliambiwa asafishe kila kitu. Alichanganya dawa ya kutoa madoa kwenye ndoo, akasugua ukuta, akasugua makochi, akasugua mlango. Makochi yale ya kijani sasa ni meupe, isipokuwa pale alipokuwa amekaa wifi, ambaye alikataa kusimama. Barakoa ametushonea kila mtu, kwa kitambaa kilichobaki cha gauni la bibi harusi. Mwenyekiti wa mtaa alikuja kusalimia akapiga chafya getini. Mama akamwuliza, "Hiyo umekuja nayo au umeipata hapa?" akamfungia.

Hakimu yupo. Analala sana siku hizi.

Chungu kinaungua, acha niishie hapa.

Dada yako


Kambini, 30 Mei

Dada mpendwa,

Nakusalimu kwa barua ndefu kidogo maana nina mambo mengi. Kofia imemkaa Dobi. Mvua ilinyesha mara moja, tukapumzika mpaka ilipokatika. Kontena letu limepata dirisha.

Habari zimesambaa kambini, sikumwambia mtu isipokuwa Dobi. Mpishi ameamua kwamba mtu wa kutoa uloto lazima ale uloto, kwa hiyo kila jioni ananipa mifupa ya wote, na anasimama juu yangu mpaka niifyonze. Wenzangu wanakula mchuzi wananitazama kama fahali wa sherehe. Nimenenepa. Mkanda sasa naufunga na kamba. Nyapara naye amenitoa kwenye lami, anasema nikiungua nani atalaumiwa. Amenipa kibendera chekundu cha kusimamisha magari. Miaka yote hii nimejenga barabara kwa mikono yangu, leo nasimama kando napunga kitambaa, na madereva wananitukana kwa zamu.

Mmoja wa wachimba mitaro anasema aliyetoa uloto hapati tena mtoto. Mwingine anasema anapata, ila wote wanakuwa wafupi. Mimi sisikilizi maneno hayo.

Barabara iko katikati sasa. Nafikiri mwezi wa tisa kazi ikipungua nitaangalia nafasi.

Mpe Hakimu zawadi hii ya jiwe jeusi. Linang'aa ukilipaka mafuta. Liosheni kwanza.

Mdogo wako


Nyumbani, 8 Juni

Sina salamu leo.

Jumanne Hakimu alitokwa damu puani tangu asubuhi. Baba yake alikuwa akimkandamiza na kitambaa, kikilowa anachukua kingine. Amemaliza vitambaa vya sare za darasa zima. Jioni ndiyo ikakatika, tukiwa hospitali.

Daktari hawezi kungoja mwezi wa tisa. Hawezi kuanza lolote mpaka akuone kwa macho yake. Sitaandika zaidi ya hayo.

Mama anasema kama unaogopa, njoo hivyo hivyo ukiwa unaogopa.


Nyumbani kwako, 2 Julai

Dada,

Shikamoo kutoka kwenye kochi jeupe. Najua tuko mji mmoja na ungeweza kupokea simu, ila shemeji anasema simu yako ameishika Hakimu kwa ajili ya katuni, na kwamba huko chumbani kwenu hospitali kila unachosema anakisikia. Kwa hiyo naandika, yeye atakuletea pamoja na nguo safi. Kunywa chai, nakusimulia.

Daktari alinikalisha akanieleza yote. Kwamba kwanza mtoto anapewa dawa kali ya kuua uloto wote wa zamani. Kwamba nikishasema ndiyo na dawa hiyo ikaanza, hakuna tena kurudi nyuma. Akaniuliza kama nimeelewa, kama kuna aliyenilazimisha, kama ninataka kufikiri. Nikasema nimefikiri tangu Februari. Nikasaini. Ilikwenda kombo mpaka akauliza kama hiyo ndiyo sahihi yangu ya kila siku.

Tangu siku hiyo sina uhuru. Naambiwa nisipate mafua, nisijikate, nisianguke. Mama ananifuata mpaka msalani akiegemea mkongojo, anasimama nje anauliza, "Bado uko?" Shemeji ameshona mito akaifunga kwenye kona za meza. Lakini hao ni watoto wadogo mbele ya wifi yako. Amenificha viatu. Kucha ananikata yeye. Nilikwenda kunyolewa, akasimama pembeni ya kinyozi akamwambia, "Ukimchuna huyu, nitakuchuna wewe." Kinyozi akaniacha nusu. Hivi ninavyoandika nina nywele upande mmoja.

Jana nilitoroka. Nilivaa kandambili za shemeji, nikapanda pikipiki niende tu sokoni nikanyooshe macho. Haikwenda hata kidogo. Wifi yako alitokea sijui wapi, akanishika ukosi, akanivuta chini mbele ya watu wote, huku anapiga kelele, "Shuka! Shuka wewe! Umembeba mtoto wetu!" Soko zima likageuka. Wakanitazama tumbo, ambalo Mpishi alikuwa ameshalishughulikia. Muuza nyanya akanipisha kiti chake. Akasema, "Kaa, mwanangu, siku hizi hakuna lisilowezekana."

Nikakaa. Ningefanya nini?

Nakuona ukicheka. Cheka. Halafu niambie hali ya mtoto, maana shemeji nikimwuliza anaanza kuhesabu vifungo.

Mdogo wako


Hospitali, 9 Julai

Mdogo wangu,

Nimecheka mpaka nesi akaja kutazama mashine. Nikamsomea, akacheka na yeye. Siku hizi ukisikia hapa "muuza nyanya" ujue ni wewe.

Chumba chetu ni kidogo, kina milango miwili, wa pili haufunguki mpaka wa kwanza ufungwe. Anayeingia ananawa kama anayejiandaa kumpasua mtu. Kuna dirisha lakini halifunguki. Hakimu ameweka sheria. Nesi akiingia bila kusalimia anatoka, anaanza upya. Mganga mkuu mwenyewe ametolewa mara moja.

Alipoambiwa nywele zitaanguka, alidai kinyozi. Alisema, "Sitaki dawa inifanyie kazi ya watu." Nesi akamnyoa kwa mashine. Baba yake alikuwa nje ya kioo, akageuka akatazama ukuta. Mtoto akamgongea kioo, akamwonyesha ishara ageuke, akajizungusha ili aone na kisogo. Kisha akaniuliza kama uloto wako ukiingia naye ataanza kukoroma. Nikamwuliza daktari. Daktari akasema kukoroma hakuko kwenye mifupa. Hakuridhika na jibu.

Sasa nikuandikie lile ambalo shemeji yako anahesabia vifungo. Dawa imeisha jana. Anatapika, midomo imepasuka, hataki kuzungumza. Hana uloto wake tena. Hana hata kidogo. Tangu jana, mdogo wangu, mtoto huyu hana kitu ila wewe.

Nilijua itafika siku hii tangu Februari. Sikukuandikia kwa sababu ungekuja umebanwa, na mimi nilitaka kuona kama utakuja.

Usipande pikipiki.

Dada yako


Hospitali, ghorofa ya chini yenu, 10 Julai, asubuhi

Dada,

Umeamkaje? Mimi sikulala ila nimeamka.

Wamenivalisha gauni lisilo na mgongo. Nimemwuliza nesi mgongo wake uko wapi, akasema mgongo ndio wanaouhitaji. Mama yuko kwenye benchi ukumbini na wifi yako. Wifi yako amemwambia daktari wa nusukaputi apunguze maneno aangalie kazi.

Nilifanya alivyosema Hakimu, nikaitazama sindano yenyewe. Ni nyembamba kuliko nilivyofikiri. Sikuanguka, labda kwa sababu nilikuwa nimeshalala.

Naogopa, Dada. Haya, nimeandika. Si joto.

Wanakuja na kitanda.


Hospitali, 6 Agosti

Mdogo wangu,

Nakusalimu wewe na nyonga yako. Dereva wa boza anasema umerudi kambini unatembea kama bata, na kwamba kila jioni wenzako wanakuvua shati watazame tundu. Waambie wasiguse.

Nisamehe kwa kunyamaza. Nitakueleza kwa mpangilio.

Siku ile ulipokuwa bado umelala, nesi alikuja na mfuko mmoja mwekundu, mzito kidogo kuliko damu. Akautundika kwenye dripu. Ukaanza kushuka taratibu. Hakimu alikuwa anasubiri upasuaji, taa, madaktari wengi. Akautazama mfuko, akamtazama nesi. "Ni hiyo tu?" Nesi akasema ni hiyo tu. "Mjomba wote yule?"

Halafu zikaja siku ambazo sikuwa na la kuandika. Homa ilipanda. Kinywa kilijaa vidonda, hata mate yalimshinda kumeza. Kila asubuhi walipima damu, na kila asubuhi daktari aliingia polepole. Nikajifunza kusikiliza hatua zake. Mtu mwenye habari mbaya huwa hana haraka. Shemeji yako alisimama nje ya kioo na kazi yake, anashona kwa mkono, sijui alishona nini, nadhani alishona na kufumua. Wifi alileta supu ambayo mtoto haruhusiwi kunywa, kila siku, akaondoka nayo.

Kuna usiku nilikuandikia barua ukurasa mzima. Sikuituma, na sitakuambia ilisema nini.

Jana nikasikia mtu anatembea haraka ukumbini. Mlango wa kwanza ukafungwa, wa pili ukachelewa kufunguka, nikamwona daktari kwenye kioo anausukuma. Akaingia bila kusalimia. Hakimu akainua kidole amtoe. Daktari akasema, "Nitoe baadaye. Chembechembe nyeupe zimeonekana. Zinapanda. Uloto umeshika."

Sikumwelewa, nikamwomba arudie. Akarudia. Hakimu akasema kwa sauti ndogo iliyokwaruza, "Amesema umeshika, Mama. Na bado hajasalimia."

Akatoka, akanawa, akaingia upya. Akasalimia.

Haijaisha. Kuna miezi ya kujifungia, vidonge, barakoa, na kuogopa kila chafya. Daktari hataki tushangilie sana. Lakini leo mtoto ameomba chakula, kimeletwa, amekisukuma, akasema ni kibaya. Ametukana chakula! Nimekaa nikamsikiliza kama redio.

Dada yako


Kambini, 19 Agosti

Dada mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimesimama, kukaa bado ni kazi. Salamu kwa Mama, kwa shemeji na kwa wifi yako, mwambie ni mtoto wetu kweli.

Barua yako ilifika wakati mbaya. Lori la lami lilikuwa limetoka kumwaga rundo zima, linatoa moshi, na lami haina subira. Ukiipata ya moto unaitandaza hapo hapo, unaishindilia. Ikipoa inakuwa jiwe. Hatujawahi kusimama, hata mwenzetu alipoumwa na nyuki. Mimi nilikuwa kando na kibendera changu. Dereva wa boza akanipa barua. Nikaishika. Nikaigeuza huku na huku. Nikashindwa kuifungua.

Dobi akaona. Akaacha koleo, akaja akaichukua, akaifungua bila kuikunja vibaya, akaanza kusoma kwa sauti. Unamjua Dobi, anasoma neno moja moja kama anayevuka mto kwa mawe. Alipofika kwenye siku ambazo hukuwa na la kuandika, akaurudia mstari ule mara mbili. Nyapara akapiga kelele kutoka kule, "Nini hicho? Lami inapoa!" Dobi akasema, "Bado hatujafika." Nyapara akaja mbio kutukana. Akasikia homa imepanda. Akasimama. Wachimba mitaro wakaja. Mpishi akatoka na mwiko mkononi. Dereva wa mashine ya kushindilia akazima injini ili asikie, na magari yakapanga foleni pande zote mbili maana mimi nilikuwa nimeinua kibendera nikasahau kukishusha.

Dobi akasoma mpaka mlango wa pili ukafunguka. Akasoma, "Uloto umeshika."

Halafu Nyapara akageuka akaitazama lami yake, imeshakuwa nyeusi tii, haitoi moshi tena. Nikajua leo ndiyo mwisho wangu. Akasema, "Soma tena hapo pa daktari."

Dobi akasoma tena.

Tangu juzi tunaipasua lami ile kwa sururu, kipande kwa kipande, chini ya jua, na haitaki kutoka. Nyapara amevua shati anapasua na yeye. Wenzangu wanaimba. Mimi wamenikataza kushika chochote. Nimekaa upande mmoja kwenye ndoo iliyogeuzwa, nawahesabia mapigo, na ninawaambia wanakosea.

Mdogo wako